Sura ya Saba: Nani Alibadilisha Maji

"Umeweka nafasi?"

Ndilo swali aliloulizwa Inspekta Hermínia Salgueiro mlangoni mchana wa Alhamisi, siku moja tu baada ya maiti ya bibi wa miaka themanini na minne kutolewa kupitia mlango huohuo.

"Sijaweka," alisema. "Dona Custódia naye hakuweka, lakini mlimpatia pa kulala."

Mhudumu aliinamisha kichwa. Aliitwa Telmo, mwanamume wa miaka hamsini na ushei mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na miguu iliyochoka. "Afande, usinifanyie hivyo," alinong'ona. "Nimeagizwa nimuulize kila mtu."

Alimpeleka kwenye meza ndogo ya pembeni. Telmo alikuwa ameanza kazi hapa zamani, palipokuwa na meza zilizotandikwa karatasi, supu ya sukuma na mafundi wa mtaa wa Bonfim wakigombania kiti karibu na redio. Miaka mitatu iliyopita Duarte Lencastre alipanunua, akapaita Rua Nossa, yaani mtaa wetu, akabakiza vigae vya ukutani na Telmo, kwa sababu vyote viwili vilipendeza kwenye picha. Kwenye kioo cha mbele aliandika kwa herufi nyeupe kwamba huu ni mgahawa wa majirani. Hermínia alizungusha macho mle ndani na hakuona jirani hata mmoja. Meza zote zilikuwa zimejaa.

Zimejaa! Damu ya mtu haijakauka nyuma ya mlango wa jiko, na watu wanaulizana mvinyo upi unakwenda na pweza. Aliilaza hasira yake kwa nguvu, maana alikuwa na kazi ya kufanya na muda ulikuwa mfupi. Saa kumi kamili Eulália Borges, aliyekamatwa kwa kifo hicho, angesimamishwa mbele ya hakimu, na kwa jinsi jalada lilivyokaa, mama yule angetoka pale kwenda gerezani moja kwa moja.

Jalada lenyewe lilisomeka kirahisi mno. Mgahawa hupumzika Jumatatu na Jumanne. Duarte alifunga Jumapili jioni, akafungua Jumatano saa tatu asubuhi akiwa na Telmo, na hapo ndipo walipomkuta Dona Custódia chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa jiko. Bibi huyo aliishi ghorofa ya juu kwa miaka hamsini na mmoja, mpangaji wa mwisho aliyebaki. Ngazi zake zilikuwa na mlango wa barabarani, lakini ulipigiliwa mbao wiki tatu zilizopita kwa ajili ya matengenezo ambayo hakuna fundi aliyeonekana kuyaanza. Kwa hiyo mtu mzima wa umri ule, na mkongojo wake, alikuwa akipenya katikati ya masufuria ya watu ili afike kitandani kwake. Siku za mapumziko alifungiwa humo ndani hadi mgahawa ufunguliwe, na alijibanza juu na chakula alichoachiwa.

Funguo za jikoni zilikuwa mbili. Mmoja wa Duarte, mwingine wa Eulália, mpishi msaidizi, aliyempandishia bibi supu kila jioni ya kazi. Duarte alisema alikuwa Douro, mbali na mji, kwenye shamba la mizabibu la rafiki yake, tangu Jumapili usiku hadi Jumatano alfajiri, na rafiki alithibitisha hivyo kwenye simu bila kusita. Eulália alisema alikuwa nyumbani peke yake, mguu umemvimba. Na kwenye mkoba wake zilikutwa hereni za dhahabu za marehemu.

Jirani wa ng'ambo ya barabara alisikia ukelele Jumanne, redio yake ikianza tu taarifa ya saa nane mchana. Daktari naye alisema nyonga ilivunjika na kichwa kikapasuka, lakini bibi hakufa papo hapo. Alipumua kwa saa nyingi, pengine hadi usiku. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Hermínia usingizi.

Asubuhi ile alikuwa ameketi mahabusu na Eulália, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mikono minene yenye makovu ya mafuta.

"Hereni alinipa mwenyewe, mwanangu," Eulália alisema. "Aliniambia masikio yake yamechoka kubeba vitu."

"Na Jumatatu na Jumanne hukukanyaga mgahawani?"

"Nikafanye nini? Siku za mapumziko bosi hataki kuona hata kivuli changu. Anakuwa na bakalau wake."

"Anakuwa nao vipi?"

"Ndiyo hivyo, ana bakalau wake. Mimi hata nikiwa zamu sithubutu kuwagusa. Mimi ni wa wali na supu." Kisha akajifuta pua kwa kiganja. "Niliwaambia wenzako, wakasema tusipoteze muda kwa habari za samaki."

Hermínia hakuwa wa kudharau habari za samaki. Alizaliwa katika nyumba ambayo beseni la kufulia lilisimama bila kazi siku mbili kila Krismasi, kwa sababu bakalau alikuwa amelala ndani yake akitolewa chumvi kwa maji, samaki mkavu mwenye chumvi kama jiwe, na ole wake mtoto aliyesahau zamu yake ya kubadilisha maji. Ndiyo maana alikuwa hapa, na kitambaa cha kitani mapajani.

Telmo alileta mkate, zeituni na jibini ambavyo hakuviomba. Hermínia alivisukuma pembeni bila kuvigusa.

"Niletee bakalau."

"Afande..." Telmo alisita. "Umeona anaitwaje?"

Alifungua orodha. Katikati ya ukurasa, ndani ya kifremu, palichapwa: Bakalau wa Dona Custódia, jirani yetu wa juu. Mnofu wa mgongo wa samaki, dengu zilizosagwa, kiini cha yai, povu la kotmiri. Chini yake kwa herufi ndogo: Halowekwi haraka. Hajapita kwenye barafu ya kiwanda. Saa arobaini na nane, maji mara sita, kwa mkono wa mpishi mwenyewe.

"Alimuomba ruhusa ya kutumia jina lake?"

"Alipanda juu na karatasi mbili," Telmo alisema kwa sauti ya chini. "Moja ya jina, nyingine ya kuhama. Bibi akazirudisha zote mbili kwenye sahani chafu."

"Anataka ghorofa ya nini?"

"Ukumbi wa pili. Wa wageni wa heshima."

Hermínia alifunga orodha kabla hajaichana.

Sahani ilipokuja alikula kwanza, akauliza baadaye. Aliweka uma kwenye mnofu, na samaki akaachia vipande vinene, vyeupe, vinavyong'aa mafuta ya zeituni. Alitafuna polepole. Chumvi ilikuwa imebaki kidogo tu, ya kukumbusha bahari. Alikata hadi katikati, karibu na mfupa, mahali ambapo mvivu yeyote hukamatwa, na hapo pia chumvi ilikuwa ileile. Alikasirika zaidi kwa kuwa chakula kilikuwa kitamu. Samaki wa namna hii hajiandai. Ukimtia kwenye maji Jumapili ukaondoka, maji hujaa chumvi yakasimama, na Jumatano unakuta kitu kisicholika.

"Inspekta! Ningejua unakuja ningekupa meza ya dirishani."

Duarte Lencastre alikuwa na miaka thelathini na minane, ndevu fupi, aproni ya rangi ya udongo na ufunguo mdogo uliomning'inia shingoni kwa kamba ya ngozi. Macho yake yalikwepa, yakaelekea meza ya pili, iliyokuwa kando. Pale alikaa mama wa makamo mwenye miwani myekundu na daftari kando ya glasi. Telmo alikuwa amemnong'oneza Hermínia: Bibi Leonor Vilhena, anayeandika habari za migahawa gazetini. Alialikwa tangu mwezi uliopita. Ndiyo sababu jiko lilikuwa likiwaka siku ya pili ya msiba.

"Nashangaa umefungua," Hermínia alisema.

"Yeye mwenyewe angetaka hivyo." Duarte aliweka mkono kifuani. "Leo tunapika kwa heshima yake."

"Angetaka kufunguliwa mlango wake wa barabarani. Hilo aliliomba mara ngapi?"

"Inspekta, haya mambo ya mafundi..."

"Tuyaache. Samaki huyu ni mzuri. Nasema kweli, sijala wa namna hii tangu mama yangu afariki."

Uso wa mpishi ulichanua. Kwenye meza ya pili kalamu iliinuliwa, na Duarte aliiona.

"Asante," alisema, na sauti yake ikapanda kidogo ili ifike huko. "Watu wa siku hizi wamesahau. Wananunua walioloweshwa kiwandani, waliogandishwa, wamejaa maji kama sifongo. Kwangu huyo si bakalau. Nitafunga mlango kabla sijampa mtu kitu kile."

"Na wapishi wako unawaamini na kazi hiyo?"

"Hata kidogo! Friji ya bakalau ina kufuli. Ufunguo ni huu hapa, naoga nao."

"Eulália?"

"Eulália ni mama mzuri wa supu, Mungu amsaidie huko aliko. Bakalau wangu, yeye hajawahi kumgusa. Angemrusha kwenye ndoo, ngozi chini, akaenda kulala."

"Kwa hiyo yeye hawezi kuwa ndiye aliyebadilisha maji."

"Haiwezekani. Hana ufunguo."

"Na unabadilisha saa ngapi? Mama yangu alikuwa wa asubuhi na jioni tu."

"Ndiyo kosa la nyumbani!" Duarte alikunjua vidole mbele ya Bibi Leonor zaidi kuliko mbele ya polisi. "Kila baada ya saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Maji ya baridi na barafu juu, ngozi ikitazama juu. Saa nane nikisema ni saa nane, wala si nane na robo. Samaki anajua."

"Na huyu niliyemla? Au huyu ni wa njia ya mkato, kwa sababu ya mkasa?"

"Njia ya mkato hapa?" Alicheka. "Huyu alikuwa tayari jana asubuhi. Mlipotuachia jiko jana jioni nikamlaza kwenye maziwa. Kama kuna tofauti, ni kwamba leo ni mtamu zaidi."

Hermínia aliufuta mdomo wake, akakiweka kitambaa mezani.

"Basi nisaidie hesabu, mpishi. Tayari jana, Jumatano asubuhi. Saa arobaini na nane nyuma ni Jumatatu asubuhi. Maji yamebadilishwa Jumatatu mchana na usiku, Jumanne asubuhi, mchana na usiku, na Jumatano alfajiri. Mara sita, kama ulivyochapa. Ufunguo ni mmoja, uko shingoni mwako. Na wewe umeandika kwa mkono wako kwamba tangu Jumapili usiku ulikuwa Douro."

Duarte aliushika ufunguo wa shingoni.

"Nani alibadilisha maji?"

Watu wa meza za karibu waligeuka kwanza, halafu wa mbali. Telmo alisimama na chupa ya maji mkononi, bila kumimina.

"Hiyo... hiyo ni kanuni ya jumla," Duarte alisema. "Wiki hii, kwa dharura, ilibidi..."

"Ilibidi nini?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake, pana kama mlango wa kanisa. Hermínia aliiona, na hakuwa na namna ya kuiziba. Neno moja tu lilitosha: waliogandishwa. Angesema alinunua pakiti kiwandani jana jioni, jalada lingerudi palepale, na saa kumi Eulália angefungiwa. Duarte naye aliiona njia hiyo. Midomo yake ilianza kuliunda neno.

Bibi Leonor alivua miwani. "Samahani, Duarte," alisema kwa upole. "Unataka kusema huyu niliyemla ni wa kugandishwa?"

Mpishi alimgeukia. Alimtazama, akaitazama sahani yake aliyoimaliza, akalitazama daftari. Hermínia alikuwa amekaa na wauaji wengi katika miaka yake, na hakuwahi kumwona mtu akiteswa hivyo na swali la mwanamke mwenye uma mkononi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Hapana," alisema hatimaye. "Sijawahi. Katika maisha yangu sijawahi kumpa mtu samaki wa kugandishwa."

"Ahsante," alisema Hermínia. "Basi Jumanne saa nane mchana, wala si nane na robo, ulikuwa jikoni. Ukelele ulisikika redio ikianza taarifa ya saa nane."

"Sikuwa peke yangu mwenye ufunguo wa jiko!"

"Acha," alisema Telmo.

Hakuna aliyetarajia sauti yake. Aliiweka chupa mezani taratibu.

"Acha, bosi. Umemsingizia Eulália tangu jana na mimi nimenyamaza kwa ajili ya kibarua changu, Mungu anisamehe. Afande, jana tulipoingia saa tatu, kabla hata hatujafungua mlango wa ngazi, kitu cha kwanza alichofanya huyu ni kufungua friji yake kuangalia samaki. Mimi nilikuwa nyuma yake. Barafu ilikuwa bado inaelea. Barafu ya tangu Jumapili, afande? Nikajiambia labda friji za kisasa ndivyo zilivyo."

"Telmo, funga mdomo wako."

"Nimeufunga miaka mitatu! Nimewafukuza majirani zangu mlangoni kwa kuwa hawana nafasi! Nimemwona yule bibi akiomba radhi kwa wapishi kwa sababu anapita kwenda chooni kwake!"

Hermínia alisimama. Alikuwa mfupi kuliko mpishi kwa kichwa kizima, na bado Duarte alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimfanya nini?"

"Alianguka. Nilipanda kuongea naye. Kuongea tu. Akanisukumia karatasi usoni, nikamshika mkono, akauvuta... Alikuwa mkaidi, Inspekta, nyie hamkumjua. Nilimpa nyumba nzuri huko Gondomar, yenye lifti!"

"Ukaja saa nne usiku kubadilisha maji."

Duarte aligeuza macho kuelekea jikoni.

"Daktari anasema alikuwa bado anapumua jioni ile. Hatua tatu kutoka kwenye friji yako. Ulimwaga maji, ukatia barafu, ukageuza ngozi itazame juu. Hukumsikia?"

"Nilidhani amekufa."

"Ulifungua mlango ukaangalia?"

"Sikuufungua ule mlango," Duarte alisema, na kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo ambayo meza za mbali hazikuisikia. "Niliongeza kasi ya feni ya jiko, ivume zaidi."

Hermínia alitamani kumzaba kofi. Alilitamani kwa mkono mzima, hadi vidole vikamwasha, na badala yake alitoa pingu. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kofi moja humpa wakili siku nzima ya maneno. Alimfunga mikono mbele ya wageni wake wote, na hakufanya haraka.

Kutoka meza ya dirishani bwana mmoja aliinua kidole. "Samahani, mama. Sisi tulikuwa bado tunasubiri chakula kikuu."

"Subirini nyumbani," alisema Hermínia.

Bibi Leonor alikuwa amekwisha kusimama, uso umempauka, akijifuta midomo tena na tena kwa kitambaa. Daftari lake alilisahau mezani. Wengine walivaa makoti bila kutazamana. Wawili watatu walijitia kuchunguza vigae ili wasikutane na macho ya Telmo.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Hermínia alipiga simu kituoni, akampata Fonseca, mwenzake, aliyekuwa tayari na gari la kumpeleka Eulália mahakamani.

"Mshushe," alisema.

"Nimshushe vipi? Hakimu anasubiri."

"Nakuja na mwingine. Huyu alikuwa jikoni saa nane Jumanne, ameyasema mbele ya watu thelathini na mwandishi wa gazeti. Na yule rafiki wa Douro mtafute, aje aeleze alikunywa mvinyo na mzimu gani. Nipe Eulália."

Kulikuwa na mikwaruzo, mlango wa gari ukafungwa, kisha pumzi nzito ya mtu anayeteremka na mguu mbaya.

"Mwanangu?"

"Mama Eulália, imekwisha. Utapelekwa kwa hakimu dakika mbili tu, atie saini, halafu Fonseca atakurudisha nyumbani kwa gari. Aliyefanya ninaye hapa."

Alingoja kilio, au shukrani, au matusi, ambayo mama yule alikuwa na haki nayo kuliko vyote.

"Nyumbani nisipelekwe," Eulália alisema. "Nipelekeni alikolazwa Dona Custódia. Hana mtoto, hana mpwa. Wamemwacha na shuka la hospitali tangu jana, na yeye alikuwa hashuki hata ngazi bila kuvaa soksi. Nani mwingine atamvalisha?"

Hermínia alimsukuma Duarte mbele yake kuelekea mlangoni.

"Mwambie Fonseca apitie kwako kwanza," alisema. "Mkachukue nguo za kumvalisha."